Bibi Aliyepekua Samaki wa Nyasa Chupani

Kwetu Mbamba Bay, mtoto yeyote aliyewahi kusaidia kuvuta wavu ameliona jambo hili: perege jike akitolewa majini hutema vitoto vyake hai mchangani. Sisi hucheka, tukavirudisha ziwani. Niliposoma habari za Bibi Ethelwynn Trewavas ndipo nilipotambua kuwa mlikuwa na elimu kubwa katika kinywa kile.

Bibi huyu alizaliwa Penzance, Uingereza, mwaka 1900. Alifundisha kwanza, kisha mwaka 1935 akaajiriwa katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London. Huko samaki wa Nyasa walikuwa wamehifadhiwa ndani ya chupa za spiriti. Aliwatoa mmoja mmoja, akahesabu magamba yao, akapima vichwa, akatazama meno. Mimi kazi hiyo ingenishinda kabla ya wiki kwisha.

Perege wa kilindi cha ziwa letu walikuwa wakichanganywa chini ya jina moja, squamipinnis, lililotolewa mwaka 1864. Bibi hakuridhika. Alifika ziwani pamoja na wachunguzi wa uvuvi wa 1938–39, na mwaka 1941 akawatenga wengine wawili, lidole na karongae.

Hakuishia hapo. Perege wa Afrika nzima waliitwa Tilapia. Mwaka 1973 aliwatoa humo wale wanaolea mayai kinywani, akawaweka katika Sarotherodon. Kisha akaona kuwa hata yeye alikuwa amechanganya: wengine baba hulea, au wazazi wote wawili, na wengine ni mama peke yake, kama hawa wetu. Basi katika kitabu chake cha 1983, naye bibi wa miaka zaidi ya themanini, aliwapa hao wa mwisho jina la Oreochromis, ambalo samaki wa Ziwa Chala, Kilimanjaro, alikuwa amepewa tangu 1889. Mimi namheshimu zaidi kwa kujisahihisha huko kuliko kwa majina yote aliyoyatunga.

Alifariki Agosti 1993. Leo lidole yu hatarini mno kutoweka kwa sababu ya uvuvi uliopita kiasi. Kama angalibaki ndani ya jina la squamipinnis, perege wangaliendelea kuonekana sokoni, wala hakuna ambaye angalijua kuwa mmoja wao anakwisha.