Kivoi Mwendwa na hesabu ya posho

Kabla ya lori na SGR, mali ya Kitui ilifika Mombasa kwa miguu. Aliyevuma sana katika biashara hiyo ni Kivoi Mwendwa, Mkamba wa Kitui aliyekusanya pembe za ndovu na kuzishusha pwani kwa misafara mikubwa.

Sasa wewe wa Kidato cha Tatu unayelia na zile hesabu za kitu kimoja kubadilika pamoja na vitu viwili, msafara wa Kivoi ni mfano mtamu kushinda ule wa kitabuni. Posho hutegemea idadi ya watu na siku za safari, kwa hivyo P = kWS. Kivoi hakuacha daftari, basi tubuni namba. Watu 20 kwa siku 6 wamekula kilo 84 za nafaka: 84 = k × 20 × 6, kwa hivyo k ni 0.7. Ukishaipata k, kazi imeisha. Watu 200 kwa siku 25 ni 0.7 × 200 × 25, yaani kilo 3,500.

Siku 25 si uongo mkubwa. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai Novemba 1849 ilipoanza, akafika kwa Kivoi mwezi ukielekea kuisha.

Kila mtu akibeba kilo 30, msafara mzima unabeba 6,000. Zaidi ya nusu ni chakula! Uongeze watu wafike 400? Posho inakuwa 7,000 na mzigo 12,000. Mgao ni ule ule. Kinachookoa nafasi ya pembe ni kupunguza siku za kubeba chakula, yaani kununua njiani. Ndipo unaelewa uzito wa vijiji vya Kikumbulyu, upande wa Kibwezi, Makueni ya leo. Mvua ikikosa huko, hesabu yote imevurugika.

Desemba 3, 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona mlima wenye theluji ambao Kivoi alikuwa amemsimulia. Jina alilolisikia huko ndilo lililozaa Kenya.

Mwaka wa 1851 wawili hao walielekea Mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia karibu na mto, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, na kiu ilivyomzidi, akabeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Aliporudi, jamaa wa Kivoi walimlaumu: mbona yeye yuko hai na mzee wao kabaki porini?