Heinrich Hertz na Mlango Uliofungwa

Mwezi wa Novemba mwaka 1867 David Livingstone alifika kwenye Ziwa Mweru, na habari ya safari hiyo ilichukua miezi mingi, mikononi mwa wapagazi na mabaharia, kabla ya kusomwa Ulaya. Wakati huo katika mji wa Hamburg, Ujerumani, alikuwako mtoto wa miaka 10 aitwaye Heinrich Hertz. Leo kwenye ufuko wa ziwa lile umekaa mji wa Nchelenge. Askari wa hapo aliye doriani katika majira ya kufungwa uvuvi, yaani tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, aweza kuchungulia lango la nyumba yake kwa simu ya mkononi, mradi asiwe mbali na mnara wa simu, na kamera aliyoitundika iwe imeunganishwa sawasawa na mtandao usio na waya wa nyumbani. Ikiwa haikuunganishwa, haoni kitu, na huku mkewe na watoto wamelala peke yao. Tumesikia askari wengi wakilaumu kamera. Jina la mtu awezaye kuwafumbulia fumbo hilo limechapwa kwenye kasha la chombo chenyewe, mbele ya tarakimu 2.4 na 5, wala hawalioni. Kwa hiyo tumeona vema tuyasimulie maisha yake.

Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari 1857, mwana wa mwanasheria. Skuli alikuwa hodari, lakini sisi yatupendeza zaidi yale aliyojifunza nje ya darasa: useremala, kazi ya kukereza, na lugha ya Kiarabu. Yasimuliwa kwamba fundi aliyemfunza kukereza, aliposikia miaka mingi baadaye kuwa kijana wake amekuwa profesa, alisikitika kwa kuwa ufundi ule umepoteza mkerezaji wa kupigiwa mfano. Mikono hiyo haikupotea bure, maana Hertz alikuja kujitengenezea mwenyewe vyombo vyake vingi.

Alianza na uhandisi, na kati ya mwaka 1876 na 1877 alitumikia jeshi mwaka mmoja, kama sheria ilivyomtaka, katika kikosi cha reli mjini Berlin. Alipovua sare alikwenda Munich, akaiacha njia ya uhandisi na kushika fizikia. Mwaka 1878 alirejea Berlin kusoma chini ya Hermann von Helmholtz, na mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 23, alipata shahada ya udaktari.

Siku zile wataalamu walikuwa wakibishana juu ya hesabu za Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell. Huyu alikuwa ameonyesha kwa kalamu, katika miaka ya 1860, kwamba nuru ni mawimbi ya umeme na sumaku, na kwamba yaweza kuwako mawimbi mengine ya jinsi hiyo yasiyoonekana kwa jicho. Maxwell alifariki mwaka 1879 pasipo mtu yeyote kuyathibitisha. Hertz alipewa uprofesa huko Karlsruhe mwaka 1885, akamwoa Elisabeth Doll mwaka 1886, na mwaka huohuo akaanza majaribio yaliyompa jina. Upande mmoja aliweka fito za chuma zilizotenganishwa na pengo dogo, akarusha cheche za umeme katika pengo hilo. Upande wa pili aliweka waya wenye pengo jembamba mno. Cheche iliporuka huku, kule nako ilionekana cheche ndogo, dhaifu hata ilimbidi aitafute gizani, na baina ya vyombo hivyo viwili hapakuwa na waya wowote.

Mwishoni mwa mwaka 1888 alifanya majaribio ambayo kila mwenye kamera nyumbani angepaswa kuyajua. Alikunja mabati ya zinki yenye kimo cha meta 2 yakawa kama vioo vya taa, na kwa hayo akayaelekeza mawimbi upande autakao. Msaidizi wake alipokatiza njia ya mawimbi, cheche ya upande wa pili ilizimika. Alipopita, ikawaka tena. Bati likiwekwa katikati, mawimbi hayakupita. Aliunda mche wa lami ngumu wenye uzito wa kilo 600 hivi, na mawimbi yakapinda ndani yake kama nuru inavyopinda katika kioo. Kisha akaweka chombo kimoja katika chumba cha pili, akafunga mlango wa mbao. Cheche zikaonekana vilevile ndani ya chumba kilichofungwa, na yeye mwenyewe alistaajabu. Mawimbi yale yalikuwa na urefu wa sentimeta 66 hivi, yaani mitetemo kama milioni 450 kwa sekunde. Askari polisi atatambua kwamba hayo hayako mbali na masafa ya simu nyingi za upepo za mkononi.

Mbao hupitisha na bati huzuia. Nyumba za Nchelenge zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma, mabati na milango ya chuma ni kama chumba kile cha Karlsruhe, ila ruta imeshika mahali pa fito za cheche. Mtu akiiweka ruta nyuma ya kabati la chuma, kisha akaitundika kamera nje chini ya ukingo wa bati, amejenga kizuizi kwa mkono wake mwenyewe.

Yapo pia mambo ya urefu wa wimbi. Mwaka 1889 mhandisi mmoja wa Munich alimwuliza Hertz kwa barua kama mitetemo ya simu yaweza kupelekwa kwa njia hiyo. Hertz alimjibu kwa hesabu: mitetemo elfu moja kwa sekunde huzaa wimbi la kilometa 300, na kioo cha kulielekeza kingehitaji ukubwa wa bara zima. Hesabu hiyohiyo tuigeuzie kwenye ruta yenye masafa mawili. Gigahezi 2.4 ni mitetemo milioni 2,400 kwa sekunde, na wimbi lake ni sentimeta 12 na nusu. La gigahezi 5 ni kama sentimeta 6. Hili la pili hubeba habari nyingi zaidi kwa upesi, lakini ukuta hulidhoofisha zaidi. Lile la kwanza hufika mbali, ingawa njia yake imesongamana. Balbu, plagi na kamera nyingi za bei nafuu zimewekewa redio ya gigahezi 2.4 peke yake. Mwenye nyumba hushika simu iliyokwisha kujiunga na 5, huamuru kamera ijiunge, na kamera haisikii, kwa kuwa haina sikio la masafa hayo. Dawa yake ni kuyapa masafa hayo majina mawili mbalimbali katika ruta, au kuyazima yale ya 5 kwa dakika chache, kuiunganisha kamera kwa 2.4, kisha kuyawasha tena. Kama ruta imewekewa ulinzi wa aina ya WPA3 pekee, vyombo vya zamani vitakataliwa hata neno la siri likiwa sahihi. Hapo WPA2 nayo iruhusiwe. Neno la siri lililokuja na kamera libadilishwe siku ileile, na kamera isielekezwe kambini kamwe. Mawimbi yaliyopita mlango wa Hertz hayachagui anayeyapokea.

Hertz hakuyaona matunda ya kazi yake. Mwaka 1889 alihamia Bonn. Tangu mwaka 1892 aliugua maradhi ya kichwani, akapasuliwa zaidi ya mara moja, na tarehe 1 Januari 1894 alifariki, akiwa na miaka 36, akawaacha mjane na binti wawili. Mwaka uliofuata Guglielmo Marconi wa Italia alikuwa akipeleka ishara bila waya katika shamba la baba yake.

Mwaka 1930 halmashauri ya kimataifa ya ufundi wa umeme ililichukua jina la Hertz liwe kipimo cha mitetemo, ingawa wapiga redio wa zamani majeshini waliendelea kwa miaka mingi kuhesabu kwa kilosaikolo. Katika miaka hiyo ya 1930 serikali ya Hitler iliwaandama watu wenye asili ya Kiyahudi, nayo asili hiyo ilikuwamo katika ukoo wa baba yake Hertz. Mjane wake na binti zake wakaihama Ujerumani, wakaenda kukaa Uingereza.