Pasteur: Kiharusi kilimpooza, hakikumzima

WENGI humkumbuka Louis Pasteur kwa maziwa yaliyoondolewa viini kwa joto na kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba mwanasayansi huyo wa Ufaransa aliishi na athari za kiharusi kwa karibu miaka 27.

Pasteur, mwana wa mtengenezaji ngozi, alizaliwa mjini Dole mnamo 1822. Oktoba 19, 1868, akiwa na umri wa miaka 45, alipooza upande wa kushoto wa mwili. Tiba ya enzi hizo ilikuwa duni. Alibandikwa ruba 16 zimfyonze damu. Ujenzi wa maabara aliyoahidiwa nao ulisimamishwa, kwa kudhaniwa kuwa hangepona.

Hata hivyo, akili yake ilibaki timamu. Wiki moja tu baadaye, akiwa kitandani, alimsomea mwanafunzi wake maelezo ya utafiti kuhusu maradhi ya viwavi wa hariri, naye akayaandika. Katika miezi ya kuuguza mwili, vitabu vikawa wenzake. Miongoni mwavyo kilikuwa cha Samuel Smiles, kinachosimulia maisha ya watu waliojiinua kwa bidii. Januari 1869, kabla hajaweza kutembea vyema, alisafiri hadi kusini mwa Ufaransa kuendelea na utafiti wake.

Mkono na mguu wa kushoto havikurejea hali ya awali. Kazi zilizohitaji wepesi wa vidole aliwaachia wasaidizi, naye akabaki kuwa fikra na jicho la maabara. Ni katika hali hiyo alipoonyesha hadharani chanjo ya kimeta mnamo 1881, na mnamo 1885 akasimamia kuchanjwa kwa Joseph Meister, mvulana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Leo inafahamika kuwa sehemu nzima za ubongo zaweza kujifunza kazi za zile zilizoharibika, mradi mazoezi yaanze mapema na yarudiwe kila siku. Aidha, uso unapolegea upande mmoja, mkono unapokosa nguvu au matamshi yanapovurugika ghafla, mgonjwa hana budi kufikishwa hospitalini mara moja.

Pasteur alifariki Septemba 28, 1895. Kazi iliyompa sifa kuu aliifanya akiwa tayari anachechemea.