Rebmann wa Rabai: Aliyekaa na Aliyeondoka

Wasomaji wengi wa ukurasa huu humjua Dakta Krapf, kwa kuwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1882, ingali ikirejewa na mabingwa wa lugha hadi leo. Lakini mwenziwe, Johannes Rebmann, hutajwa kwa jambo moja tu, kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kueleza kuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848. Likishatajwa hilo watu humwacha hapo hapo, kama kwamba baada ya siku ile hakuishi tena. Kumbe aliishi, tena akakaa hapa petu miaka 27 zaidi, na miaka hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Huenda mtu akauliza: habari za padri zatuhusu nini sisi Waislamu? Mimi husema subira ni elimu isiyokuwa na mwenyewe. Kila anayeongoza watu katika dini, awe padri, awe imamu, awe maalimu wa chuo, ana adui mmoja anayemvizia, naye ni kuchoka kwa moyo. Mwili ukichoka hulazwa ukapumzika. Moyo ukichoka, mtu huamka asubuhi, akavaa, akatoka, akaifanya kazi yake ile ile ya jana, na ndani yake hamna kitu. Maradhi haya hayachagui kanzu wala joho.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani. Alisomea upadri Basel, Uswisi, kisha akaajiriwa na chama cha wamisheni cha Kiingereza kiitwacho CMS. Alishuka Mombasa mwezi wa Juni, 1846, umri wake miaka 26. Aliyempokea ni Krapf, ambaye alikuwa amefika miaka miwili kabla, akapewa ruhusa na Sayyid Said ya kukaa katika himaya yake. Krapf naye alikuwa amekwisha onja uchungu wa nchi. Mwezi wa Julai, 1844, homa ilimchukua mkewe, Rosine, na baada ya siku chache ikamchukua mtoto wao mchanga.

Mwezi wa Agosti, 1846, mabwana hawa wawili walipanda vilima vya Rabai kwenda kuanzisha kituo chao. Wote wawili walikuwa na homa siku hiyo, na Krapf alikuwa juu ya punda kwa kushindwa kwenda kwa miguu. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa wema na wakawapa mahali pa kukaa. Lakini kumkaribisha mgeni ni jambo moja, na kuiacha mila ya mababu ukamfuata ni jambo jingine.

Mwaka 1848 Rebmann alisafiri bara akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara. Tarehe 11 Mei aliuona mlima una weupe kileleni, akafahamu kuwa ile ni theluji. Habari zilipofika London, mabingwa wa jiografia, na hasa Bwana Cooley, ambaye hakuwahi kutia mguu hapa, walizicheka. Theluji gani, walisema, katika nchi ya jua kali? Rebmann alikaa na dhihaka hiyo miaka zaidi ya kumi, hata Baron von der Decken alipoupanda mlima huo kidogo, mwaka 1861 na 1862, akasadikisha.

Safari yake ya tatu ya Uchagani, mwaka 1849, ilimvunja zaidi. Alikusudia kupita Machame afike Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame aliimaliza bidhaa yake yote aliyoiweka kuwa ni masurufu ya njiani. Alirudi Rabai mgonjwa, mikono mitupu. Tangu hapo hamu ya safari za mbali ilimtoka. Krapf alikuwa akiota mlolongo wa vituo kutoka Mombasa hadi pwani ya pili ya Afrika. Rebmann aliona bora kuketi mahali pamoja na kulima shamba moja.

Basi aliketi, na wenziwe wakawa wanapukutika. Wagner alifika mwaka 1849 akafa mwaka huo huo. Pfefferle alifika mwaka 1851, naye hakumaliza mwaka. Krapf, afya imemharibikia, aliondoka mwaka 1853. Erhardt akafuata mwaka 1855. Kabla ya kuondoka, yeye na Rebmann walikuwa wamechora ramani ya bara kwa habari walizozipata kwa wazee wetu wa misafara, na ramani hiyo ndiyo iliyowafanya wakubwa wa London wawatume Burton na Speke kuyatafuta maziwa. Wageni hao wawili walimzuru Rebmann mwaka 1857. Walitaka afuatane nao, akakataa.

Nyumbani mwake nako mliingia msiba. Alimwoa bibi wa Kiingereza, Emma, huko Misri mwaka 1851. Mtoto wao wa kiume alifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Mwaka 1857 Wamasai walishambulia Rabai, na mume na mke wakakimbilia Unguja kwa muda wa kama miaka miwili. Walirudi wakaanza upya. Mwaka 1866 Emma naye akafa, na Rebmann akabaki peke yake.

Na katika muda wote huo, waliomfuata walikuwa wangapi? Wachache mno. Wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, kilema, naye alikuwa kitandani pa mauti. Sisi tuliosoma chuoni tunakijua kisa cha Nabii Nuhu, aliyelingania watu wake miaka elfu kasoro hamsini, na walioamini wakawa wachache. Simlinganishi padri na Mtume, hasha! Lakini tumefundishwa kuwa anayeita watu hana mamlaka juu ya nyoyo zao, na kazi isipimwe kwa wingi wa wafuasi.

Kilichomshikiza Rebmann, nionavyo mimi, ni lugha. Tangu mwaka 1853 alikuwa akikaa na Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka Nyasa, akimwuliza maneno ya kwao, moja moja, akiyaandika. Aliandika pia ya Kirabai na ya Kiswahili, na akaifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Walioandika maisha yake humlaumu kwamba alijifungia na kamusi zake akawasahau watu. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyefiwa na wote, na aliyekatwa tamaa kila upande, alipata kazi ambayo ikifanywa leo huonekana kesho, neno baada ya neno. Mimi ni mtu wa maneno, na siwezi kumlaumu kwa hilo.

Lililo gumu kwangu ni jingine. Katika miaka 29 hakurudi kwao hata mara moja. Macho yakaanza kufifia, naye yuko pale pale, akiyakaza kwenye maandishi. Sir Bartle Frere alipofika Rabai mwaka 1873 alimkuta mzee aliyechakaa, na wafuasi wachache. Mwaka 1875, akiwa haoni, ndipo alipokubali kuondoka, akasafirishwa hadi Ulaya akishikwa mkono na kijana wa Rabai. Madaktari walijaribu kuyatibu macho yake, wasifanikiwe. Alifia Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba, 1876. Injili yake ya Luka ilitoka mwaka huo huo.

Sasa, nani katika hawa wawili ndiye aliyesubiri? Watu wengi watasema ni Rebmann, na kwamba Krapf alishindwa. Mimi sikubali. Krapf alipoona amechoka alirudi kwao, akapumzika, kisha akaendelea na kazi ya lugha zetu kwa miaka karibu 30, hadi kufa kwake mwaka 1881. Rebmann hakujipa ruhusa hiyo, wala waliomtuma hawakumlazimisha kupumzika. Walimwacha huko kama taa inayowaka na hakuna anayeitia mafuta, na taa ya namna hiyo haizimiki kwa kosa lake. Katika dini yetu, msafiri na mgonjwa wamepewa ruhusa ya kufungua saumu wakailipa siku nyingine, na anayeitumia ruhusa hiyo hapunguzi kitu katika imani yake.

Hili ni somo kwa kila jamaa walio na kiongozi. Tuna desturi ya kumsifu imamu asiyekosa hata sala moja kwa miaka 20, na maalimu anayefundisha asubuhi na jioni bila ya likizo, na hatuulizi anakula nini, analala saa ngapi, wala ana nani wa kumwambia dhiki zake. Siku akianguka, twamwita mvivu.

Na amali ya Rebmann ilipataje kuwafikia watu? Alipokuwa amekwisha zikwa, maandishi yake ya maneno ya Salimini yalikuwa bado ni makaratasi. Aliyeyashika akayapanga, na kuyatoa kitabu mwaka 1877, ni Krapf, yule aliyeondoka. Kama wote wawili wangekaa Rabai mpaka wakafa, sijui nani angeimaliza kazi hiyo.