Neema Inayookoa, Neema Inayofundisha

Andiko: Tito 2:11-12

Ule wimbo wa Amazing Grace tunaouimba kwenye ibada na mazishi, kuna wakati mimi nilishindwa kuuimba. Wengine wakiinua sauti, mimi nafunga mdomo. Sababu ilikuwa maisha ya mtu aliyeutunga, na leo nataka niwasimulie.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake alimfundisha Neno akiwa mdogo, lakini akafariki kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Baba alikuwa nahodha, na kijana akaingia baharini akiwa na miaka 11. Mwaka 1744 alikamatwa akatiwa kwa lazima katika jeshi la majini. Akatoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Baadaye alijikuta pwani ya Sierra Leone akimtumikia mfanyabiashara wa watumwa, mgonjwa na mwenye njaa. Na bado alikuwa na matusi ya kushangaza hata mabaharia!

Machi 1748, akirudi kwao kwa meli ya Greyhound, dhoruba kali iliwapiga usiku. Maji yakaingia, mwenzao mmoja akasombwa. Newton alipiga pampu hadi nguvu zikamwishia, kisha akashika usukani. Hapo ndipo alipomlilia Mungu amrehemu. Meli ikafika Ireland. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka hadi uzeeni.

Sasa hapa ndipo mimi nilikwama. Ningetarajia aiache ile biashara mara moja. Wapi! Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa, safari tatu. Juu anasoma Biblia na kuwaongoza mabaharia kwa ibada ya Jumapili. Chini Waafrika wamefungwa minyororo. Kilichomtoa baharini mwishowe ni ugonjwa uliomwangusha ghafla. Nikajiuliza, hii ni neema gani?

Mwaka 1764 akawa mchungaji mjini Olney, na huko ndiko alikotunga ule wimbo kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya 1773. Hata wakati huo alikuwa hajasimama hadharani kuipinga biashara ile. Ni mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, ndipo alipochapisha kijitabu akieleza aliyoyaona na aliyoyafanya, akikiri kwa aibu kwamba amechelewa. Akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Akamtia moyo mbunge William Wilberforce asiache vita. Sheria ya kukomesha biashara hiyo ilipita Machi 1807. Newton akafa Desemba mwaka huo huo, macho yake yakiwa karibu hayaoni tena.

Nikiwa bado na hasira naye, Roho Mtakatifu akanigeuzia kioo.

Baba yetu alituachia ploti yenye nyumba za kupangisha. Mimi ndiye niliyekusanya kodi, na dada yangu sikumpa hata shilingi. Halafu nikaokoka. Ushuhuda wa kuacha pombe nimeutoa mara nyingi, mkanipigia makofi. Ya kodi, kimya. Miaka 11 nimeokoka, nakula haki ya dada yangu, na hapo ndipo namhukumu Newton!

Wapendwa, neema ni ya bure. Mungu hakumngoja Newton ajisafishe kwanza. Alimpokea palepale kwenye usukani, na matusi yake. Lakini Paulo anamwambia Tito kwamba neema hiyo hiyo inayookoa, inatufundisha pia kukataa ubaya. Newton alikuwa mwanafunzi mzito. Mimi pia. Na tusidanganyane: mwanafunzi akichelewa, kuna mtu mwingine anayeumia. Wale waliokuwa chini ya meli waliumia. Watoto wa dada yangu walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mimi niko kanisani mikono juu.

Nilienda kwake na daftari, kila mwezi umeandikwa. Alilisoma polepole, akanipikia chai, hakusema mengi. Nimeanza kulipa. Hajaniambia amenisamehe, na simsukumi. Msamaha wa Mungu ninao. Huo ndio ulionipa nguvu ya kubisha mlango wake. Nisingekuwa na hakika nimepokelewa, ningeendelea kujificha.

Ule wimbo siku hizi nauimba tena. Nauimba kama mtu aliye darasani bado.

Ndugu yangu, daftari lako liko wapi? Wiki hii usiombe tu. Enda ubishe mlango. Tuombe: Bwana Yesu, asante kwa kunipokea nilivyokuwa. Nifundishe haraka, mwingine asiumie kwa sababu ya kuchelewa kwangu. Amina.