Mangi Meli: Alinyongwa mwaka 1900, ukoo bado unatafuta kichwa chake

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Old Moshi, ukapita mashamba ya migomba na kahawa hadi Tsuduni, utaonyeshwa mti mmoja wa zamani. Watu wengi hupiga picha hapo na kuondoka. Kwa wenyeji, mti huo ni kidonda. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, Machi 2, 1900.

Inaaminika kwamba baada ya kumuua walimkata kichwa na kukisafirisha Ujerumani. Zaidi ya miaka 120 imepita na kichwa hicho hakijarudi.

Meli alikuwa nani?

Alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi alikuwa chongo, lakini wenyeji na wageni walijua kwamba haoni kidogo hata kidogo kwenye mambo ya siasa. Aliwapokea wamisionari wa Kiingereza, akasaini mkataba na Wajerumani mwaka 1885, na mwaka 1889 akatuma wajumbe wake hadi Berlin kwa Kaizari. Aliwatumia wageni kujiimarisha dhidi ya wapinzani wake, hasa Mangi Sina wa Kibosho.

Rindi alifariki mwaka 1891. Meli akarithi kiti akiwa bado kijana, na akarithi pia wageni ambao sasa hawakuwa wageni tena. Walitaka kutawala.

Siku Wajerumani walipopigwa

Juni 1892, kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Baron Albrecht von Bülow kilipanda kwenda kumwadhibu Meli. Mambo yakageuka. Wapiganaji wa Moshi, ambao nao walikuwa na bunduki na waliijua kila njia ya migombani, walikipiga kikosi hicho hadi kikarudi nyuma. Von Bülow mwenyewe alijeruhiwa na akafa. Kwa muda Wajerumani walilazimika kuondoka kabisa mlimani.

Ushindi huo haukudumu. Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa zaidi chini ya Kanali Friedrich von Schele, wakiwa na mizinga. Safari hii Meli alishindwa.

Hawakumuua. Walimwacha kwenye kiti chake, lakini akiwa mangi wa kuamrishwa. Watu wake walitakiwa kutoa vibarua wa kujenga boma la mkoloni, na baadaye ikaja kodi ya kichwa cha nyumba. Huku kwao, heshima ya kwanza mlimani ikahamia kwa Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Wajerumani.

Mwisho wake

Mwanzoni mwa mwaka 1900 Meli na viongozi wenzake walituhumiwa kupanga uasi. Wanahistoria kadhaa wanaona fitina za wapinzani wao wa mlimani zilichangia. Walihukumiwa haraka haraka na kunyongwa hadharani, Meli pamoja na wenzake 18. Miongoni mwao alikuwemo Mangi Molelia wa Kibosho. Watu ambao baba zao walipigana wao kwa wao walikufa siku moja, kwa kamba za mtawala mmoja.

Masimulizi ya Old Moshi yanasema Meli hakufa upesi, alikaa kwenye kitanzi kwa saa nyingi.

Kwa nini kichwa?

Wakati huo makumbusho ya Berlin, kupitia mtaalamu Felix von Luschan, yalikuwa yanakusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni. Wataalamu wa aina yake walidhani kupima mafuvu kungewaonyesha tofauti za jamii za watu. Maofisa wa jeshi ndio waliokuwa wakiwatumia mzigo.

Kwa msomaji wa Biblia, jambo hili si geni. Mfalme Sauli alipokufa vitani, Wafilisti walimkata kichwa na kuutundika mwili wake kwenye ukuta wa Beth-shani. Watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuchukua, na miaka baadaye Daudi, aliyewahi kuwindwa na Sauli, akahakikisha mifupa yake inazikwa kwenye kaburi la baba yake. Watu wa kale walijua kwamba mfalme asiyezikwa ni deni.

Kwa Wachaga deni hilo ni zito zaidi, maana mtu anazikwa kwao, kihambani.

Vinasaba vyatoa majibu

Mjukuu wa Meli alihangaika kwa zaidi ya miaka 50, akiandika barua na kubisha hodi ofisi moja hadi nyingine. Baadaye alitoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin.

Septemba 2023 taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz, inayohifadhi mafuvu hayo, ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki. Fuvu moja lililinganishwa na ndugu walio hai na likaoana kabisa: ni la Akida, mtu wa karibu na mshauri wa Mangi Meli. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kuoana kabisa na ukoo wa Molelia.

La Meli halikuwemo.

Habari hiyo inauma, lakini ina maana kubwa. Kabla ya hapo, kuna waliodhani wazee wa Old Moshi wanafuatilia hadithi tu. Akida amethibitisha kwamba vichwa vya watu wa Kilimanjaro kweli viko kwenye makabati ya Berlin, na kwamba vina majina na ndugu wanaovisubiri.

Pale Tsuduni sasa ipo sanamu ya kumkumbuka Meli, karibu na ule mti. Ukipita, simama kidogo. Sanamu ipo, mti upo, ukoo upo. Anayesubiriwa ni mwenyewe.