Billy Lane: Bingwa wa dunia aliyemwaga siri za chelezo

Mashabiki wa soka wanaijua Coventry kwa Kombe la FA la 1987. Kumbe jiji hilo lilishatoa bingwa wa dunia zamani, tena mtoni: Billy Lane, muuza zana za uvuvi na mkali wa ndoano.

Mwaka 1963, kule Uholanzi, Lane alitwaa ubingwa wa dunia, Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo. Mchezo huo huamuliwa kwa mizani: mwenye samaki wazito ndiye mshindi.

Sifa yake kubwa ilikuwa chelezo, kile kijiti kinachoelea na kuzama samaki anapouma chambo. Enzi hizo vilitengenezwa kwa njiti za manyoya ya tausi, koki na mti mwepesi wa balsa. Maji ya kasi yanataka chelezo kinene juu, la sivyo mkondo unakizamisha. Yakitulia, chembamba kinatosha. Ukikosea, wenzako wanavua, wewe unatazama tu.

Siri kama hizo mvuvi huzificha kama kocha anavyoficha kikosi. Lane hakuficha. Mwaka 1971, pamoja na Colin Graham, alizimwaga kitabuni, aina kwa aina, wapinzani wake nao wakasoma.